Gunia, behewa na mjomba wangu wa Kimamba

Nilikuwa Kimamba, wilaya ya Kilosa, kwa siku 5. Nilipoomba likizo fupi, mwenzangu mmoja pale kazini aliniuliza, "Kimamba kuna bichi?" Nikamwambia hakuna bichi, kuna treni za mizigo. Alinitazama kama mtu aliyenikuta nakula sabuni. Ndiyo hivyo, sisi wa Dar tukisema tunakwenda kupumzika tunamaanisha Bagamoyo au Kigamboni, na Zanzibar kama mshahara umewahi kuingia. Kukaa chini ya mwembe ukiangalia mabehewa yanapita ni jambo ambalo mtu mzima mwenye shahada yake hulisema kwa kunong'ona. Mimi leo nalisema kwa sauti: naipenda treni ya mizigo. Ya abiria ni ya kupanda. Ya mizigo ni ya kuangalia.

Mjomba ana ekari 4 za mahindi na kipande cha ufuta, kati ya Kimamba na Kilosa, na Reli ya Kati inapita mita mia na kitu kutoka uani kwake. Sisi Wasagara ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si kaka wa mama tu. Ndiye mwenye neno kwenye posa, kwenye shamba na hata kwenye shule. Tangu nikiwa darasa la kwanza, kila likizo nilipakiwa kwenye basi na kupelekwa kwake. Sheria ya pale kwa watoto ilikuwa moja: mwisho ni mwembe. Ukivuka mwembe kwenda upande wa reli, fimbo. Basi tulikaa mwembeni, tukahesabu.

Nadhani hesabu nimejifunza pale kabla ya kujifunza darasani. Tulikuwa tunabeti shufwa au witiri kwa mbegu za ukwaju. Kichwa cha treni hakihesabiwi, behewa la kwanza ndilo moja. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili, na pale mwishoni kila mtu anapiga kelele kumvuruga mwenzake. Nilipokuja kufika chuo kikuu na kukutana na somo la takwimu, mwalimu akasema jambo fulani kuhusu sampuli, mimi nikaona mabehewa.

Kuna elimu yake, msidhani ni uvivu. Treni ya reli ile ya zamani unaijua kabla hujaiona. Kwanza mbwa anainua kichwa. Halafu kunguru wanaondoka juu ya tuta, kama walioitwa. Kisha mlio wa injini ya dizeli unasikika mbali ukipanda na kushuka kufuatana na upepo, na ukitega vizuri unaweza kujua kama inavuta au inashuka tu. Ikija kutoka Dar, yenye mzigo, injini inaguna, na mabehewa yanapita na sauti nzito, iliyobanana. Ikirudi tupu inapiga makelele kama sufuria kwenye mkokoteni. Mjomba hahitaji kugeuka. Anaendelea kupalilia huku akisema, "Hiyo imekwenda kushusha Isaka, inarudi na hewa."

Isaka iko Shinyanga, na ndiyo bandari kavu ambayo mzigo wa Rwanda na Burundi umekuwa ukishushwa kutoka kwenye treni na kupakiwa kwenye malori. Kuna mzigo wa Kigoma, unaokwenda kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Burundi na Kongo. Kuna wa Mwanza. Mwaka 2018 meli ya MV Umoja ilirudi kuyavusha mabehewa yenyewe, pamoja na magurudumu yake, hadi Port Bell nchini Uganda. Kwa hiyo ukikaa mwembeni kwa mjomba unaona nchi nne au tano zikipita: matenki ya mafuta, makontena, saruji, ngano, mbolea. Mtu wa Kimamba ambaye hajawahi kufika Dodoma anakwambia kwa uhakika kabisa kwamba Bujumbura wanajenga sana siku hizi, kwa sababu ameona saruji.

Sasa nisije nikawadanganya kwa kuwapa picha za Ulaya, treni kila baada ya dakika 10. Hii ni njia moja, ya upana wa mita 1, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Treni mbili zikikutana, moja lazima isubiri stesheni ili nyingine ipite. Safari hii nilihesabu treni 11 za mizigo kwa siku 3, na kwa reli ya namna hiyo mjomba aliziona nyingi. Lakini ndiyo mshipa mkuu wa nchi, na umepita katikati ya mashamba ya watu. Tena umepita hapo kwa makusudi. Wajerumani walitaka pamba na mkonge, na bonde hili la Kilosa lilikuwa na ardhi ya vyote viwili. Kimamba ilikua kwa mkonge. Mashamba mengi makubwa ya enzi zile yamegeuka vichaka, na vichaka vimegeuka mahindi ya watu kama mjomba.

Upande wa pili wa historia hiyo uko mbele kidogo, na kila nikiufikiria nacheka peke yangu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula kwa watu wao baada ya vita. Wakajenga tawi la reli kutoka Msagali kwenda Kongwa, na kule kusini wakajenga reli nyingine mpya kabisa kuelekea Nachingwea, kwa ajili ya karanga hizo. Mvua ikagoma, udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama sementi, matrekta yakavunjika, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli ya kusini ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani kule reli ilikwenda kuzisubiri karanga, karanga hazikutokea. Kimamba mahindi yapo uani, reli ipo mita mia, na havijuani.

Hilo ndilo nililotaka kuwaeleza leo.

Siku ya tatu nikiwa pale, mnunuzi alikuja. Jamaa wa makamo, mcheshi, ana Fuso lake na vijana watatu wa kupakia. Mjomba alikuwa na magunia 32. Kwa wasiojua mambo haya, kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa mahindi hiyo ni debe 6 hivi. Lakini mnunuzi anakuja na magunia yake mwenyewe, na vijana wake ndio wanaojaza. Wanajaza debe 6, wanashindilia, wanaongeza ya 7, halafu wanaunga kitambaa juu na kushona kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukienda sokoni Tandale utayaona yamesimama yana vilemba kama mashehe. Bei inabaki ya gunia moja.

Nilikuwa nimeshaandika habari ya lumbesa mara mbili gazetini, aya sita sita, zenye maneno ya afisa akisema wahusika watachukuliwa hatua. Ila sikuwahi kukaa na gunia. Safari hii nikaenda kwa jirani anayenunua ufuta, nikaazima mizani yake ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye tawi la mwembe. Tukapima magunia matatu, mbele ya mnunuzi, ambaye alikuwa anatabasamu tu na kuchokonoa meno. La kwanza kilo 124. La pili 122. La tatu 126.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Magunia 32 kwa wastani wa kilo 124 ni kilo 3,968. Mjomba alikuwa analipwa kilo 3,200. Kilo 768 zilikuwa zinapanda kwenye Fuso bure. Bei walikubaliana shilingi 65,000 kwa gunia, kwa hiyo zawadi ile ilikuwa karibu nusu milioni, na binti ya mjomba yuko chuo cha uuguzi, anadaiwa ada ya muhula.

Nikamwonyesha mnunuzi simu. Akaitazama kwa heshima kabisa. Akasema, "Dogo, kilo ni za dukani. Huku tunanunua gunia."

Nikamwambia sheria inasema kilo 100.

"Sheria naijua. Na mimi nikifika Mikese napimwa kwenye mizani ya serikali, ekseli kwa ekseli, nikizidisha nalipa faini. Unadhani hiyo faini, mafuta, na wale wa njiani, vinatoka kwa baba yangu?"

Hapo, wandugu, naomba msione kama nimetunga, maana hata mimi nikisoma kwa mwingine ningesema katunga. Treni ilikuwa inakuja. Tuliisikia tangu tunapima gunia la pili. Ilipotokea ilikuwa ndefu, makontena na matenki, inaelekea Dar, na kwa kelele zake nyingi zilikuwa tupu. Mnunuzi akainyooshea ule mti wake wa meno. "Kama unataka kilo, simamisha hiyo. Hiyo ndiyo inabeba kwa kilo."

Vijana wake wakacheka. Na mjomba akacheka. Akaniambia, "Mjomba, mwache mwenzio apakie, gari lisije likaondoka tupu." Akachukua pesa, akazihesabu mara mbili, akaingia ndani.

Nilikaa pale mwembeni nimenuna hadi jioni. Si kwa sababu ya mnunuzi. Yule, ukweli usemwe, ni mtu wa hesabu zake na hakusema uongo hata mara moja. Gari lake kweli linapimwa. Litatoka Kimamba, lipite Rudewa na Dumila kushika lami ya Dodoma, lipite Morogoro mjini, na likifika Mikese dola nzima itataka kujua uzito wake mpaka wa gurudumu la mwisho. Hakuna mtu, kuanzia shambani hadi Tandale, aliyetaka kujua uzito wa gunia. Barabara inalindwa dhidi ya mahindi ya mjomba, lakini mahindi ya mjomba hayana mlinzi. Na pembeni yake kuna chombo ambacho kwa asili yake hakiwezi kusafirisha bila kujua tani.

Jioni ile ile nilimpigia mhariri wangu. Nikamweleza: Reli ya Kati, wakulima wa kandokando, behewa tupu linarudi Dar huku mahindi yanapanda Fuso kwa lumbesa. Mhariri ni mtu mwema, amenifundisha mengi, sitaki kumsengenya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kuna ajali?" Nikasema hapana. "Kuna waziri anakuja?" Hapana. Akasema niandike maneno 300, tutaona nafasi Jumapili.

Simlaumu sana. Reli kwenye magazeti yetu ina kurasa mbili tu, ya uzinduzi na ya msiba. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa inapanda kilima upande wa Igandu, mkoani Dodoma, ilirudi nyuma bila breki ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Hiyo mpaka leo ndiyo habari kubwa kuliko zote za reli hii, na ni haki iwe hivyo. Wazee wa Kimamba wakisikia treni inapiga breki muda mrefu kuliko kawaida, mpaka leo wananyamaza katikati ya maneno. Uzinduzi nao tumeshiba. Reli mpya ya kisasa, hii tunayoiita SGR, ilianza kujengwa mwaka 2017, abiria wakaanza kupanda kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwishoni mwa Julai 2024. Mwaka 2025 mizigo nayo ikaanza kupita, na Bandari Kavu ya Kwala ikazinduliwa. Mimi mwenyewe nimeandika kuhusu sherehe hizo na nimekula pilau lake.

Na niseme wazi, naifurahia. Safari hii nilipanda SGR kutoka Dar nikashuka Kilosa karanga zangu hazijaisha, halafu bodaboda hadi kwa mjomba. Zamani ilikuwa siku nzima ya basi na vumbi. Njia yake ni pana, mita 1 na sentimita 43 na nusu, inatumia umeme, na pale Kilosa ambapo reli ya zamani inafuata Mto Mkondoa na kufurikiwa nao, hii mpya imetoboa milima kwa mahandaki. Nilikwenda kuiangalia ya mizigo pia. Inapita haraka, kimya, mbwa hawainui kichwa. Mjomba aliwahi kwenda kuiona, akasema ni nzuri lakini haina maneno.

Haina maneno! Nimelifikiria sana hilo. Kwa sababu kuna mwaka ambao reli ya mjomba nayo ilinyamaza. Mwisho wa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 mafuriko yaliikumba Kilosa, mji ukajaa maji, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na kati ya Kilosa na Gulwe tuta la reli lilisombwa. Treni zilikatika kwa miezi. Nilikuja likizo ya Pasaka, mtoto mdogo, nikakimbilia mwembeni. Hakuna kitu. Reli ambayo siku zote juu yake inang'aa kama kisu kilichonolewa ilikuwa ya kahawia. Kutu. Nilikaa siku nzima. Shufwa, witiri, hakuna. Nilimuuliza mjomba treni zitarudi lini, naye akanijibu jambo ambalo wakati ule lilinishangaza: kwamba kwake yeye hakuna kilichoharibika zaidi ya saa ya kuamkia. Mafuriko yalikuwa yamemchukulia nusu ya shamba, hilo alilia nalo. Treni kukatika hakukumpunguzia hata shilingi, maana haikuwahi kumuongezea.

Tuwe waungwana hapa. Siamini kwamba treni ya Isaka inapaswa kusimama kwenye kila mwembe ili kupakia magunia 32. Kusimamisha tani mia kadhaa na kuziondoa tena ni gharama, ni dizeli, ni muda wa treni nyingine inayosubiri stesheni ya mbele. Mtu akiniambia reli ni ya masafa marefu na mzigo mkubwa, namkubalia. Ndiyo maana siku ya nne sikwenda kwa mwanasiasa yeyote. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha reli, nikamkuta mtumishi wa upande wa mizigo, aliyeniomba nisimtaje. Nikamuuliza swali la kijinga: mkulima akitaka kupeleka mahindi Dar kwa treni anafanyaje?

Alifikiri namtania. Alipoona nimetoa daftari akavuta kiti. Akasema mzigo mdogo mdogo ni habari ya treni ya abiria, ila mahindi ya biashara yanataka behewa zima. Behewa linachukua tani 40 hivi. Unaliomba, unalipia, unalipakia mwenyewe, linasubiri treni yenye nafasi. Nikamuuliza kama kuna wakulima wa hapa wamewahi kuomba. Akatazama dari. Akasema tangu aje pale, wafanyabiashara ndiyo, mkulima hajamwona. Kisha akaniuliza yeye: "Tani 40 ni magunia 400 ya kilo mia mia. Unamjua mkulima wa hapa mwenye magunia 400?"

Simjui. Lori moja kubwa linachukua tani 30 hivi, Fuso linachukua chache zaidi, na hata hilo Fuso la mnunuzi halikujaa kwa mjomba. Lilikwenda kwa majirani watatu wengine kabla ya kuondoka. Hapo ndipo penyewe. Anayewakusanya wakulima wa Kimamba ni mwenye Fuso. Akishawakusanya, kilemba cha lumbesa ni mshahara wake wa kuwakusanya. Kule kusini, korosho tangu msimu wa 2007 zinapelekwa ghalani kwanza, zinapimwa, mtu anapewa stakabadhi, halafu ndiyo mnada. Mfumo una matatizo yake na nimewahi kuyaandika, malipo kuchelewa na makato yasiyoisha, lakini angalau korosho inapita kwenye mizani kabla haijapita mikononi mwa mtu. Mahindi yetu ni soko huria, maana yake huria kwa mwenye gunia.

Nilirudi kwa mjomba nikamwambia: 400. Nilidhani atacheka kama alivyocheka kwa mnunuzi. Hakucheka. Baada ya kula aliomba daftari langu na kalamu. Akaandika 32, halafu akasema, "Hizo za lumbesa. Kwa kilo mia ni ngapi?" Nikamwambia 39 na ushee. Akafuta 32, akaandika 39. Nilimwona anaitazama ile namba muda mrefu.

Kisha akaanza. Huyu wa ng'ambo ya mto, 45, mwaka mbaya 30, andika 30. Mjane wa karibu na msikiti, 20, huyo mwaminifu. Wale ndugu wawili wasioongea, 60 kwa pamoja, ila itabidi waandikwe mistari tofauti. Kila jina lilikuja na kesi yake: huyu ana deni kwa mnunuzi tangu Februari, kwa hiyo mahindi yake si yake, huyu ni mnywaji, gunia zake tusizihesabu mpaka tuzione. Treni mbili zilipita tukiwa kwenye kazi hiyo na hakuna aliyehesabu mabehewa. Taa ilipoanza kuzimika alikuwa amefika 262. Akauliza kama paroko naye analima.

Nikamuuliza, "Sawa mjomba, tuseme zimefika 400, behewa limepatikana, limekwenda. Dar nani atalipokea? Nani ana ghala, nani atauza, nani atawatumia watu hela zao?"

Akaniangalia kama vile nimeuliza jua linatokea wapi. "Mjomba, si wewe upo Dar?"

Mkewe alicheka huko jikoni, akasema mwandishi leo kapata kazi. Mimi nikaangalia daftari. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na maneno 300 ya Jumapili, ukurasa wa kulia majina ya watu 11 na namba zao.

Habari nimeshaituma. Kesho asubuhi saa 2 nipo Tandale kuuliza ghala la magunia 400 linakodishwa shilingi ngapi kwa wiki, na kama wana mizani.